Gertrude Elion na dawa ya mkanda wa jeshi

Ukifika kituo cha afya na malengelenge yanayowaka kama moto upande mmoja wa mwili, muuguzi atakuuliza kwanza: yalianza lini? Usidhani anapoteza muda. Sababu ya swali hilo iko katika kazi ya mwanamke mmoja aliyefariki zamani kidogo, Gertrude Elion.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918. Alipokuwa na miaka 15 babu yake alikufa kwa saratani, naye akaamua kusoma kemia ili atafute dawa. Baba yake alikuwa amefilisika, ila Chuo cha Hunter hakikutoza ada, akahitimu mwaka 1937. Aliomba ufadhili wa kuendelea katika vyuo 15, akakosa kote. Maabara nazo hazikutaka mwanamke. Kibarua chake cha kwanza kilikuwa kufundisha wanafunzi wa uuguzi kwa miezi 3 (nasi wauguzi tunajivunia hilo), na baadaye akawa anapima uchachu wa achari katika kampuni ya vyakula. Mwaka 1941 mchumba wake alikufa kwa maambukizi ya moyo, miaka michache tu kabla penisilini haijaanza kupatikana. Hakuolewa maisha yake yote.

Mwaka 1944 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings. Hawa wawili hawakutafuta dawa kwa kubahatisha. Walichunguza jinsi seli na vijidudu vinavyojenga DNA yao, kisha wakatengeneza vipande bandia vya kuvuruga ujenzi huo. Wakapata dawa za saratani ya damu na za jongo.

Kwa virusi, wengi walikuwa wamekata tamaa. Kirusi huishi ndani ya seli yako na kutumia vifaa vyake, kwa hiyo waliona kwamba sumu ya kirusi itakuwa sumu yako pia. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ikatengeneza asaiklovia (kwenye boksi utaona Aciclovir), na kikundi cha Elion ndicho kilichoeleza inavyofanya kazi.

Dawa hii ikiingia mwilini inakuwa imelala. Seli isiyo na kirusi karibu haiiamshi kabisa. Lakini kirusi cha tetekuwanga, ambacho ndicho huleta mkanda wa jeshi, kina vimeng'enya vyake chenyewe, yaani mafundi wake wa kazi. Fundi mmoja huiamsha dawa bila kujua. Fundi wa pili, anayejenga DNA mpya, huiokota akidhani ni tofali la kawaida. Tofali hilo halina mahali pa kushika lingine, ujenzi unakwama.

Umeona sasa kwa nini tunauliza siku? Dawa hunasa mafundi wakiwa kazini tu. Kirusi kilichojificha kimya kwenye mishipa ya fahamu tangu ulipougua tetekuwanga utotoni haikigusi. Malengelenge yakianza, kirusi kinazaliana kwa kasi, na dawa inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7, na maji ya kutosha. Mwenye shida ya figo hupunguziwa dozi. Huku milimani Uluguru wengine hupaka majani wiki nzima kwanza, wakishuka Morogoro mjini malengelenge yameshakauka na yanabaki maumivu, ambayo yanaweza kudumu miezi.

Elion alistaafu mwaka 1983. Kampuni hiyo hiyo ikaendelea na njia ile ile hadi zidovudini, dawa ya kwanza ya VVU kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987. Nayo hunasa kimeng'enya cha kirusi. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa pamoja na lamivudini kwa akina mama wajawazito, wakiwemo wa Dar es Salaam, kuwakinga watoto. Elion alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, bila kuwahi kumaliza masomo ya udaktari wa falsafa, akafariki mwaka 1999.

Ukiona malengelenge ya namna hiyo, usingoje siku ya gulio ndipo ushuke. Yakiwa kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda siku hiyo hiyo. Utashauriwa pia kupima VVU, kwa sababu mkanda wa jeshi hupenda kumjia mtu ambaye kinga yake imeshuka.