Darwin na Mji wa Maji Baridi

Ndugu msomaji, je, umepata kuugua maradhi yasiyosikia dawa? Basi utamwelewa Charles Darwin.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Alikuwa mtaalamu wa wanyama na mimea. Kitabu chake cha mwaka 1859 kilieleza jinsi viumbe wanavyobadilika polepole, kizazi hata kizazi. Dunia nzima inamjua kwa kitabu hicho. Lakini kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa. Alitapika, alitetemeka, akashindwa kufanya kazi.

Huko Uingereza kuna mji uitwao Malvern. Uko chini ya vilima vyenye chemchemi. Wakati huo daktari mmoja, James Gully, aliwatibu watu hapo kwa maji baridi. Mwaka 1849 Darwin alihamia Malvern na mkewe Emma na watoto wao. Walikaa karibu miezi minne.

Unadhani matibabu yalikuwaje? Asubuhi na mapema alisuguliwa mwili kwa taulo iliyolowa maji baridi. Kisha alikunywa maji, akaenda kutembea. Alikatazwa sukari, siagi na chai. Nchi yenyewe ni ya baridi kali, mimi nisingeweza! Lakini Darwin alipata nafuu, akamwamini daktari yule.

Kwa hiyo mwaka 1851, binti yake Annie alipougua, alimpeleka Malvern. Annie alikuwa na umri wa miaka 10. Emma alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa mja mzito, karibu kujifungua. Mama huyo alingoja barua. Darwin alikaa kando ya kitanda akimwandikia: mtoto amelala vipi, amekunywa nini, ametapika mara ngapi.

Safari hii maji hayakusaidia. Annie alikufa tarehe 23 Aprili. Darwin alirudi upesi kwa mkewe, hata mazishi hakuyaona. Kwetu sisi jambo hilo ni gumu kulielewa, lakini alimhofia Emma na mtoto aliye tumboni.

Baada ya wiki moja alishika kalamu. Aliandika yote aliyoyakumbuka juu ya Annie: furaha yake, na jinsi alivyokuwa akimletea baba ugoro kwa siri.

Mwaka 1863 Darwin aliugua sana, wakarudi Malvern. Emma alikwenda makaburini kulitafuta kaburi la binti yake. Hapo kwanza hakuliona. Alitafuta tena, akalipata.