Kuta Alizoziona Mtu Mmoja



Vijana wenzangu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Idodi, Iringa, na leo nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyenitoa kwenye hasira.

Likizo iliyopita katekista aliniomba nichore picha ya Bikira Maria ukutani. Nikafurahi, nikajua ni pale mbele karibu na altare. Kumbe wapi! Ni chumba cha nyuma wanakofundishwa watoto wa komunyo ya kwanza, kina dirisha moja tu. Nikanuna. Nani ataiona?

Katekista hakunigombeza. Alinionyesha kwenye simu picha ya malaika Gabrieli akimpasha habari Mama Maria, akanieleza aliyeichora. Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma mtu huyo.

Jina lake la kuzaliwa ni Guido di Pietro. Alizaliwa karibu na mwaka 1395, si mbali na Florence, Italia. Alikuwa tayari mchoraji alipojiunga na Wadominiko kule Fiesole, akaitwa Ndugu Yohane. Jina Fra Angelico, yaani ndugu wa kimalaika, watu walimpa baada ya kufa.

Siku hizo wachoraji wa Florence walikuwa wanajifunza kuchora nyumba ionekane ina kina na mtu aonekane ana uzito. Naye alijifunza hayo yote vizuri kabisa. Basi ustadi wote huo aliupeleka wapi?

Watawa wenzake walipopewa konventi ya San Marco, tajiri Cosimo de' Medici alilipia matengenezo, na Fra Angelico na wasaidizi wake wakachora kuta za vyumba zaidi ya 40 vya kulala watawa. Walichora juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi, ili ikikauka rangi ishikamane na ukuta. Mafundi wetu wanajua plasta haimsubiri mtu! Chumba kimoja kina Yesu msalabani, kingine Ufufuko. Rangi chache, mapambo karibu hakuna. Na wa kuiangalia kila siku alikuwa mtawa mmoja tu, akilala na akiamka.

Baadaye aliitwa Roma, akamchorea Papa Nikolao wa Tano kikanisa chake maisha ya Watakatifu Stefano na Laurenti. Yaani yule yule wa vyumba vya watawa! Mwaka 1450 alirudi Fiesole kuwa mkuu wa nyumba. Alifariki Roma mwaka 1455, akazikwa kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982, na mwaka 1984 akamfanya msimamizi wa wasanii.

Mimi nikachukua brashi, nikarudi kwenye kile chumba. Rangi ya buluu haikutosha, ikabidi vazi la Mama Maria nilifupishe kidogo.

Juzi mtoto mmoja alibaki ndani wenzake walipokimbilia nje kucheza. Alikuwa anamtazama tu malaika. Hajui nani kachora. Nami sikumwambia, ingawa nakiri ulimi uliniwasha.

Kijana mwenzangu, kipaji chako unamtolea Mungu, au unasubiri kwanza ukuta wa mbele?

Mwenyeheri Yohane wa Fiesole, utuombee. Amina.