Johannes Kepler na Dakika Nane

Mtu akikaa nje usiku, mbingu zikiwa safi, ataona ya kuwa nyota karibu zote hushika mahali pao. Ile iliyo jirani ya mwenzake mwaka huu, ndiyo jirani yake mwaka ujao. Walakini ziko chache zisizotulia. Huhama katikati ya zile nyingine, nazo huitwa sayari. Tangu kale watu waliuliza sayari hupita njia gani. Wenye elimu wa zamani walijibu ya kuwa njia zao zote hutokana na duara kamili, kwa kuwa duara ni umbo lisilo na kasoro. Jibu hilo lilidumu kama miaka 2,000. Aliyelitengua ni Johannes Kepler, na habari za maisha yake ndizo hizi.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa askari wa mshahara. Akaenda vitani, akarudi, akaenda tena, hata mwisho hakuonekana nyumbani. Mtoto akaugua ndui, ikamwachia macho dhaifu. Hata hivyo mwaka 1577 mama yake, jina lake Katharina, alimchukua mpaka mahali pa juu, amwonyeshe nyota yenye mkia iliyong'aa siku zile.

Mwaka 1589 aliingia chuo cha Tübingen, apate kuwa mchungaji. Huko mwalimu Michael Maestlin alimfundisha maneno ya Copernicus, ya kuwa dunia yenyewe hulizunguka jua. Kabla hajamaliza masomo, mwaka 1594, akatumwa Graz katika Austria, afundishe hesabu katika shule ya Kilutheri. Alisikitika kuiacha kazi ya uchungaji, walakini alitii. Mwaka 1600 mtawala wa nchi ile akaamuru watu wafuate Kanisa la Roma au watoke. Kepler hakuikana imani yake. Akatoka pamoja na jamaa yake.

Akaenda Prague kwa Tycho Brahe, mtu wa Denmark, ambaye kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa amepima mahali pa nyota kwa macho matupu na vyombo vikubwa, kwa maana darubini ilikuwa haijajulikana. Tycho alikufa mwaka 1601, na Kepler akapewa kazi yake kwa Kaisari. Vipimo vile vyote vikawa mkononi mwake.

Basi akaanza kuitafuta njia ya sayari Mirihi. Hesabu moja aliirudia kama mara 70, na karatasi zikajaa. Mwisho akapata duara iliyopatana na vipimo vya Tycho, isipokuwa mahali pengine ilikosa kwa dakika nane. Dakika hizi si za saa. Watu wa hesabu hulikata duara zima vipande 360 viitwavyo digrii, na kila digrii hukatwa vipande 60 viitwavyo dakika. Mwezi mpevu upana wake ni kama dakika 30. Kwa hiyo dakika nane ni kama robo ya mwezi tu. Nani angalimlaumu kama angalinyamaza? Lakini Kepler alijua ya kuwa Tycho hakupima ovyo ovyo. Hakuthubutu kulificha kosa; akaitupa kazi ile yote, akaanza tena.

Mwaka 1605 akaiona njia yenyewe, na mwaka 1609 akaieleza katika kitabu. Msomaji aweza kuichora. Simika vijiti viwili ardhini, uvizungushie uzi uliofungwa ncha zake, nao ulegee. Kisha uuvute kwa kijiti cha tatu, ukizunguka nacho, uzi ukikazwa daima. Umbo litakalochorwa ni kama duara iliyovutwa kidogo pande mbili. Jua halikai katikati, ila mahali pa kijiti kimoja cha vile viwili vya kwanza. Na sayari ikilikaribia jua huenda mbio, ikiwa mbali hukawia. Kwa Mirihi umbo hilo hulikaribia sana duara, ndiyo sababu kosa lilikuwa dogo vile.

Taabu hazikumwacha. Mwaka 1611 mkewe akafa, na mtoto wao mmoja akafa kwa ndui. Mwaka uliofuata akahamia Linz. Huko mchungaji wa Kilutheri akamzuia asiije Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi neno moja la ungamo ambalo moyo wake haukulikubali. Wakubwa wa kanisa wakauthibitisha uamuzi ule. Kepler aliumia sana, walakini hakutia sahihi, wala hakuliacha kanisa lake mpaka kufa.

Tena mama yake akashtakiwa uchawi. Mwaka 1620, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, akafungwa minyororo, akaonyeshwa hata vyombo vya mateso. Kepler akasafiri kwenda kumtetea, akayachungua maneno ya mashahidi moja moja kama alivyozoea kuchungua vipimo vya nyota. Baada ya miezi 14 mama akafunguliwa. Mwaka 1622 akafa.

Kepler mwenyewe alikufa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, alipokwenda kudai mshahara ambao Kaisari hakumlipa. Vita vikapita juu ya makaburi, na mahali alipolazwa hapajulikani tena. Lakini alikuwa ameacha tangazo ya kuwa tarehe 7 Novemba 1631 sayari Utaridi itapita mbele ya uso wa jua, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliona. Siku hiyo, huko Paris, Pierre Gassendi, padre wa Kanisa la Roma, alikuwa akingoja. Akaona nukta nyeusi, ndogo kuliko alivyotazamia, ikisogea juu ya jua. Mwenye hesabu hakuwapo kuiona, lakini siku ilikuwa ile ile aliyoitaja.