Vesalius, daktari aliyeiba mifupa usiku

Wadau, wanaosomea udaktari wengi wamepitia ile siku ya kushika kisu mbele ya maiti. Leo tumcheki jamaa aliyewafanya maprofesa nao wakishike: Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, 1514.

Enzi hizo somo la anatomia lilikuwa kichekesho. Profesa kakaa kwenye kiti kirefu anasoma maandishi ya Galen, tabibu aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 nyuma, huku chini kinyozi ndiye anapasua maiti. Ndiyo, kinyozi! Mezani pakionekana tofauti na kitabu, basi maiti ndiyo imekosea.

Vesalius alisoma Paris, vita ikamrudisha Louvain mwaka 1536. Nje ya mji kulikuwa na mwizi aliyeuawa, ndege wameshamla nyama. Jamaa akapanda, akang'oa mikono na miguu, akapeleka nyumbani kidogo kidogo. Kifua kilifungwa mnyororo, akakirudia usiku. Alipoulizwa, akasema eti ile mifupa katoka nayo Paris.

Mwaka 1537, hata miaka 23 hajafikisha, akawa profesa Padua, Italia. Akashuka kwenye kiti, akapasua mwenyewe. Kumbe Galen alikuwa akipasua nyani na nguruwe, sio watu! Mzee aliandika kwamba taya la chini lina mifupa miwili, Vesalius akakuta mmoja. Mwaka 1543 akachapisha Basel, Uswisi, kitabu chake kikubwa chenye michoro, De humani corporis fabrica. Mwalimu wake wa Paris, Sylvius, akamwita kichaa, akadai miili ya watu ndiyo imebadilika tangu enzi za Galen. Ubishi mwingine bwana!

Sasa maiti zilitoka wapi? Kuanzia 1539 hakimu mmoja wa Padua alimpatia watu waliohukumiwa kifo. Zisipotosha, wanafunzi waliingia makaburini. Vesalius mwenyewe kaandika habari ya mwanamke mmoja, hawara wa mtawa, aliyetolewa kaburini akachunwa ngozi mwili mzima ili asitambulike, maana wazazi wake na yule mtawa walikuwa wameshapeleka malalamiko. Kaandika bila hata chembe ya aibu. Mimi hapo ndipo sifa zake zinaponikwama kooni.

Baadaye akawa daktari wa Kaisari Charles wa Tano, kisha wa mwanae Philip, mfalme wa Hispania. Mwaka 1564, akirudi kuhiji Yerusalemu, akafia kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki. Kaburi lake halijulikani lilipo. Lakini mifupa ya Jakob Karrer, mhalifu aliyekatwa kichwa Basel mwaka 1543 na kupasuliwa na Vesalius mbele za watu, bado imehifadhiwa mji huohuo, na jina lake linajulikana. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Madaktari mliomo humu, maiti yenu ya kwanza mliambiwa ni ya nani? Tupieni maoni hapo chini.