Humboldt, Mtu Aliyesikiliza Mto

Katika somo la jiografia sote tumelikariri jina la mkondo wa Humboldt, ule wa maji baridi upitao pwani za Chile na Peru. Tukishapata alama zetu, mwenye jina tunamsahau. Mimi nataka niwaelezeni habari zake, maana mtu huyu alibeba vipimo vya kila namna lakini masikio yake hakuyaacha nyumbani.

Alexander von Humboldt alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769, katika jamaa ya watu wenye nafasi. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na mama alitaka wanawe wawe watumishi wa serikali. Basi kijana akasomea madini, akawa mkaguzi wa migodi, lakini moyo ulikuwa safarini. Mama alipofariki mwaka wa 1796 na kumwachia mali nyingi, hakukawia kuacha kazi. Tarehe 5 Juni 1799 yeye na rafiki yake Aimé Bonpland, Mfaransa aliyeijua mimea vizuri, waling'oa nanga Hispania kwenda Amerika ya Kusini.

Mwaka wa 1800 walisafiri kwa mtumbwi katika mto Orinoco, nchi iitwayo leo Venezuela. Mbu wa huko si mchezo! Walifika kwenye maporomoko ya Atures na Maipures. Mtu akiwa uwandani, kilomita kadhaa kutoka majini, aliyasikia yakinguruma. Humboldt akagundua kwamba usiku ngurumo hiyo ilikuwa kama mara tatu ya ile ya mchana.

Kwa nini? Wengi wetu tungejibu mbio mbio kwamba usiku kumetulia. Lakini wapi! Katika misitu ile usiku ndio wenye makelele, wadudu wanalia mpaka kuche. Humboldt alifikiri sana, na mwaka wa 1820 akachapisha maelezo yake. Mchana jua huchoma miamba mitupu kuliko nyasi zilizo kati yake, kwa hiyo hewa hupanda hapa ikiwa ya moto sana, pale ikiwa na joto kidogo. Sauti ikipita katika hewa yenye viraka namna hiyo inavunjika vunjika na kufifia. Usiku joto hulingana, nayo sauti hupenya. Wataalamu wa baadaye wameongeza kwamba mchana hewa ya moto iliyo karibu na ardhi huipinda sauti juu, na usiku hupindwa kuja chini kwetu. Sisi wa shule ya kutwa tunaolala makwetu tunalijua jambo hili. Kuna mto bondeni kwetu ambao mchana husikii hata tone, lakini nikikesha nadurusu ni kama umehamia uani.

Usiku mmoja, kando ya mto Apure, msitu mzima ulilipuka kwa sauti: jagwa, tumbili, nguruwe mwitu, ndege. Wenyeji walimwambia wanyama wanasherehekea mwezi mpevu. Yeye aliona ni vita. Jagwa anafukuza nguruwe, nguruwe wanavunja vichaka, tumbili juu mitini wanashtuka na kupiga mayowe, ndege nao wanaamka. Kumbe kelele ile ilikuwa na mwanzo na mpangilio wake! Hata saa sita mchana, wanyama wakubwa wakiwa wamejificha na watu wakidhani pamekufa kimya, alitega sikio akasikia mvumo wa wadudu kila upande. Jamani, sisi tukipewa insha ya mandhari tunajaza milima ya kijani na anga ya samawati, ukurasa mzima bila hata chura mmoja kulia.

Lakini sauti iliyonigusa kuliko zote haikuwa ya maji wala ya jagwa. Kabila la Waature lilikuwa limekwisha kuangamia. Humboldt alisimuliwa kwamba huko Maipures kulikuwa na kasuku mzee ambaye hakuna aliyemwelewa, kwa sababu alisema maneno ya Kiature. Hebu fikiria, lugha nzima imebaki mdomoni mwa ndege! Na tusicheke, kwani hapa hapa Kenya Waelmolo wa Ziwa Turkana waliiacha lugha yao wakashika Kisamburu.

Humboldt alirudi Ulaya mwaka wa 1804. Mali ya urithi iliishia katika safari na kuchapisha vitabu. Mwaka wa 1808 alitoa kitabu kuhusu sura za maumbile, na watu wakakipenda. Kilipochapishwa mara ya tatu, mwaka wa 1849, mzee alikuwa anakaribia miaka 80, naye akaongeza humo sura mpya juu ya sauti za wanyama usiku ule wa Apure, karibu miaka 50 baada ya kuzisikia. Alifariki Berlin tarehe 6 Mei 1859.