Daktari Aliyeomba Hospitali Akapewa Kitanda

Wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi hupenda kusoma habari za majemadari, nasi hatuwalaumu. Leo, hata hivyo, tumeona vyema kuwasimulia maisha ya daktari mmoja, kwa sababu kila mwenye mke kambini ana deni kwake, ingawa huenda hajapata kulisikia jina lake.

Huyo ni John William Ballantyne, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1861 huko Eskbank, karibu na mji wa Dalkeith. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1883, kisha akawa msaidizi wa Profesa Alexander Russell Simpson aliyefundisha elimu ya uzazi chuoni hapo.

Zama zile mjamzito hakuwa na shughuli na hospitali mpaka uchungu umshike. Miezi tisa ilipita pasipo mtu wa kumpima, wala wa kumwuliza kwa nini miguu yake imevimba. Mtoto akizaliwa mfu alizikwa, na sababu ya kifo chake ikazikwa pamoja naye. Ballantyne hakuridhika. Aliwapasua na kuwachunguza watoto waliokufa, akaandika kila alichokiona, na mwaka 1892 akaanza kutoa kitabu juu ya maradhi na kasoro za mtoto aliye tumboni.

Miongoni mwa maradhi aliyoyashughulikia mno ni lile la mtoto kujaa maji angali tumboni, ambalo madaktari huliita hidropsi. Maji hukusanyika chini ya ngozi ya mtoto, tumboni mwake, na kandokando ya mapafu na moyo. Kondo la nyuma nalo hunenepa na kulowa. Watoto wengi wa namna hiyo hufia tumboni, au hawaishi siku nyingi baada ya kuzaliwa. Lakini Ballantyne aliona jambo jingine: mara nyingine mama naye huvimba kama alivyovimba mwanawe. Hali hiyo ni nadra, nayo hubeba jina la Ballantyne hata leo, ijapokuwa wengine huiita ugonjwa wa kioo, kwa kuwa mama huwa mfano wa taswira ya mtoto. Uzito wake hupanda upesi, shinikizo la damu huweza kupanda, na maji yakiingia mapafuni pumzi humwishia.

Kwa hiyo daktari wa siku hizi, akiona katika picha kwamba mtoto amejaa maji, hamtazami mtoto peke yake. Humpima mama shinikizo la damu, uzito, mkojo na damu mara kwa mara, na kusikiliza kifua chake. Mtoto akitibika, mama naye huweza kupona angali mjamzito. Asipotibika, na maisha ya mama yakawa hatarini, hulazimu azalishwe hata kama siku hazijatimia. Huo ni uamuzi mchungu, na baba anayeletewa habari hiyo akiwa lindoni hustahili kuelezwa kwa nini.

Mwaka 1901 Ballantyne aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza akitaka iwepo hospitali ya kuwatibu wajawazito kabla ya uchungu. Aliomba hospitali nzima. Alichopata ni kitanda kimoja! Kiliwekwa mwaka ule ule katika hospitali ya uzazi ya Edinburgh kwa fedha za mfadhili, kikaitwa kitanda cha Hamilton. Askari aliyepata kukabidhiwa eneo zima alilinde na wenzake wawili atamfahamu vyema mtu huyu. Hakunung'unika. Alikitumia kitanda chake, na mwaka 1902 na 1904 akatoa majuzuu mawili makubwa juu ya maradhi na afya kabla ya kuzaliwa.

Tusimtukuze kupita kiasi. Hidropsi yenyewe hakuweza kuitibu, wala hakuweza kujua kwamba damu ya mama na ya mtoto zaweza kupingana. Jambo hilo lilifahamika baada ya kugunduliwa aina ya damu iitwayo Rh, mnamo mwaka 1940. Mwaka 1963 William Liley wa Auckland, New Zealand, alifaulu kumwongezea damu mtoto angali tumboni, na tangu mwaka 1968 ipo sindano ya kumkinga mama asiingie katika mgongano huo. Sababu nyingine ni kaswende, ambayo hupimwa kwa damu kidogo tu na kutibiwa kwa penisilini. Mume naye hana budi kupimwa na kutibiwa, la sivyo atamwambukiza mkewe upya. Habari ambayo sisi wanaume tunaohamishwa kila mara yatupasa kuisikiliza bila kununa.

Mwaka 1915 kliniki ya wajawazito ilifunguliwa Edinburgh, na mwaka 1918 bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoziwezesha serikali za mitaa kuwahudumia akina mama na watoto. Ballantyne alifariki Januari 1923, akiwa na umri wa miaka 61. Miaka sita baadaye Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa tarehe ambazo kila mjamzito angepaswa kuhudhuria kliniki.