Gary Kildall na lugha ya pamoja ya mashine

Gary Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1942, katika ukoo uliofundisha ubaharia. Yeye akafundisha kompyuta katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey.

Kompyuta ndogo za miaka ya 1970 hazikusikilizana: programu iliyoandikiwa moja haikufaa nyingine. Mwaka 1974 Kildall aliunda mfumo wa CP/M, kisha akatenga sehemu ndogo inayozungumza na mashine yenyewe. Aliyeleta mashine mpya alibadili sehemu hiyo tu. Programu zikabaki zilezile. Ndiyo kazi ya Kiswahili hapa Kindu, kati ya Alunguli na Kasuku: kila mtu ana lugha ya nyumbani kwake, na bado wote wanaelewana kivukoni.

Mwaka 1981 kompyuta ya IBM ilitoka na mfumo wa Microsoft uliofanana sana na CP/M, nao ndio ulioenea. Kildall hakuacha ualimu. Kuanzia 1983, pamoja na Stewart Cheifet, alielezea watazamaji kompyuta katika kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, zikiwemo za washindani wake. Alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 52. Wanaovitazama vipindi vile leo huzikumbuka mashine. Aliyezipatanisha wachache humtaja.